Kushona Gauni la Jioni la Mdoli kwa Vipande vya Fundi: Mwongozo Kamili

Mdoli wa mitindo wa umbo la Barbie una urefu wa karibu sentimita 29. Zidisha mara sita, unapata mtu mzima wa sentimita 174. Kipimo hicho cha moja kwa sita ndicho kinachoongoza kazi yote. Pindo la sentimita 3 kwenye gauni la mtu linakuwa nusu sentimita kwa mdoli, na kifungo cha milimita 12 kinakuwa cha milimita 2. Kitu kimoja tu hakigawanyiki kwa sita, nacho ni unene wa kitambaa. Satini nzito inayomkaa bibi harusi vizuri, ukimvalisha mdoli ni sawa na kumvisha mtu turubai: kiuno kinajaa, mikunjo inasimama, na gauni linaonekana la kitoto hata kama mshono umenyooka.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini inapigana na unene. Tutapunguza tabaka kiunoni, tutapunguza kingo ndani ya mshono, na mahali pengi ambapo fundi wa kawaida angekunja mara mbili sisi tutakunja mara moja. Ukilishika hilo utaweza kushona gauni lolote unaloliona kwenye picha za maonyesho ya Paris, likamkaa mdoli kama limezaliwa naye.

Wakubwa wa kazi hii nao walipita kwenye udogo. Madeleine Vionnet, mbunifu wa Ufaransa aliyejulikana kwa kukata kitambaa kwa mshazari (kwa kukatiza nyuzi zake kwa pembe), alibuni magauni yake kwa kuzungushia kitambaa mwanasesere mdogo wa mbao, ndipo akayakuza kwa ukubwa wa mtu. Mwaka 1945 vita vilikuwa vimeiacha Paris bila vitambaa vya kutosha. Nyumba kubwa za mitindo zikatengeneza mavazi ya wanasesere wa waya wenye urefu wa karibu sentimita 70 na kuyaonyesha kwa jina la Théâtre de la Mode. Nguo zile zilishonwa kwa ukamilifu, ndani na nje. Uhaba wa kitambaa ndio uliozaa kazi ile. Mwanafunzi wa ushonaji pale chuo cha ufundi cha VETA Dodoma anayeogopa kuharibu mita tatu za satini anaweza kufuata njia hiyohiyo, kwani kipande cha sentimita 50 kwa 50 kinamtosha gauni zima.

Gauni tutakaloshona

Tutashona gauni lisilo na mikono wala kamba za mabegani. Kiwiliwili chake kinabana, sketi ni ya duara kamili hadi sakafuni juu ya gagulo la neti (sketi ya ndani ya kuitunisha), na kiunoni kuna mkanda wa shanga. Rangi niliyoichagua ni ya zabibu nyeusi zilizoiva, zile zinazojaa mitaani Dodoma msimu wa mavuno. Umbo la kiuno chembamba na sketi iliyofunguka ni lile Christian Dior alilolipa nguvu mwaka 1947, na nimelichagua kwa sababu linakupa mitihani yote kwa mara moja: kubana, kuvimba, kuning'inia na kupamba. Ukiliweza hili, magauni membamba yatakuwa mepesi kwako.

Vitambaa, na mahali pa kuvipata

Usianze dukani. Anza kwa fundi. Dodoma ina mafundi wengi wanaoshona suti za watumishi na magauni ya sendofu na ya harusi, na chini ya kila cherehani kuna mfuko wa vipande. Fundi akiwa mtu mzima, mpe shikamoo yake kwanza, kisha mweleze unachotaka kwa jina: bitana laini, shifoni, satini nyembamba, lesi. Ukisema "vipande vyovyote" utapewa vitambaa vya suruali. Wengi watakupa bure, lakini ni vizuri kurudi na gauni lililokamilika ukamwonyeshe. Fundi anayeona vipande vyake vimekuwa gauni huanza kukuwekea vilivyo bora.

Pili ni mitumba, iwe Sabasaba, Majengo au gulio lililo karibu nawe kama uko Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Tafuta blauzi za hariri, mitandio myepesi, nguo za ndani zenye lesi ya maua madogo na, kuliko vyote, tai za hariri. Tai imekatwa kwa mshazari tayari na hariri yake huwa na michoro midogo. Ukiifumua, kuiosha na kuipiga pasi, unapata kitambaa cha kutosha kiwiliwili na sketi nyembamba.

Kipime kitambaa kabla ya kukipenda. Kikunje mara nne na ukibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi kama umeshika kadi, kirudishe. Kisha kishike kwenye kona moja kining'inie: kinatakiwa kuanguka chini kwa mikunjo myembamba, kisitanuke pembeni. Sketi ya mtu inaanguka vizuri kwa sababu ina uzito. Sketi ya mdoli haina uzito, kwa hiyo ulaini wa kitambaa ndio unaofanya kazi hiyo. Bitana nzuri ya koti mara nyingi inapita mtihani huu kuliko satini ya gauni la harusi.

Kuhusu michoro, ua la sentimita 3 kwa mdoli ni ua la sentimita 18. Ndiyo maana vitenge vingi havifai, ingawa unaweza kukata ukingo wenye nakshi ndogo na kuutumia kama urembo. Na usikate chandarua cha dawa kupata neti. Dawa ile haifai kuchezewa na mtoto, na chandarua kina kazi yake. Neti laini na neti ngumu zinapatikana kwa wauza vitambaa vya maharusi, na vipande vyake kwa mafundi ni vingi mno.

Vifaa ni vichache: sindano nyembamba za mkono, namba 10 au zaidi, nyuzi laini za rangi ya kitambaa, pini nyembamba, mkasi mdogo wenye ncha kali, kibano, penseli iliyochongwa, rula ya milimita, selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, na pasi. Ukiwa na cherehani, weka sindano namba 9 au 11 na mshono mfupi wa milimita 1.5. Gauni zima linaweza kushonwa kwa mkono, na sehemu ya juu naona inapendeza zaidi kwa mkono kwa sababu unaona kila tundu unalopita.

Kutoa pateni kwenye mwili wa mdoli

Midoli haifanani. Ile ya Barbie yenyewe tangu mwaka 2016 ina maumbo ya mrefu, mfupi na mnene pamoja na lile la zamani, na ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye meza za sokoni ina vipimo vyake. Umbo la zamani lina kifua cha karibu sentimita 13, kiuno 9 na nyonga 13, lakini chukua hizi kama dira tu. Pateni ya kweli, yaani karatasi za kukatia, inatoka kwenye mwili ulio mbele yako.

Vua mdoli nguo na ufunge nywele zake juu. Zungushia kiwiliwili nailoni laini ya kufungia chakula, kutoka kwapani hadi chini ya nyonga, ikae bila kukunjamana. Juu yake bandika vipande vifupi vya selotepu ya karatasi, vya urefu wa sentimita 2 au 3. Vipande virefu havitafuata mviringo wa kifua. Weka tabaka la pili likikatiza la kwanza, kisha bonyeza kwa ukucha chini ya matiti na kiunoni mpaka umbo lionekane wazi.

Sasa chora kwa penseli. Mstari wa kwanza ushuke katikati ya mbele, wa pili katikati ya mgongo, wa tatu ubavuni. Chora kiuno kwa kuzungusha uzi mahali palipo pembamba kabisa na kuufuata. Chora ukingo wa juu wa gauni: kwa gauni lisilo na kamba, upite milimita 4 au 5 juu ya sehemu iliyojaa ya kifua, ushuke taratibu chini ya kwapa na kunyooka mgongoni. Mwisho chora mstari unaoanza ukingo wa juu, unapita kilele cha titi na kushuka hadi kiunoni. Huu ndio utakaobeba umbo lote. Dati, yaani kunjo linaloshonwa ili kutoa umbo, ingeacha pembe tatu ya kitambaa ndani, nasi hatuna nafasi ya pembe tatu, lakini mshono huu unaondoa ziada yote na kuacha kingo mbili nyembamba.

Kabla ya kukata, weka alama. Andika jina la kila kipande, chora mshale wa kwenda chini kwenye kila kimoja, na upige vistari vifupi vinavyokatiza mshono wa kifua ili baadaye ujue kipi kinakutana na kipi. Kata kwenye mstari wa mgongo, uvue ganda lote, kisha chukua nusu moja tu. Ikate kwenye mistari uliyochora. Utabaki na vipande vitatu: katikati mbele, ubavu wa mbele, na mgongo. Kipande kisicholala tambarare kitie mpasuo mdogo ukingoni, mahali kinapovimba, mpaka kilale.

Vihamishie kwenye karatasi. Ongeza milimita 5 kuzunguka kila kimoja kama nafasi ya mshono, isipokuwa katikati ya mgongo ambapo unaongeza milimita 7 au 8 ili pande zipandane. Katikati ya mbele usiongeze kitu, maana kipande hicho kinakatwa kwenye kunjo. Linganisha urefu wa mishono inayokutana kwa rula. Ukingo wa ubavu wa mbele unaweza kuzidi mwenzake kwa milimita 1 kwenye kifua, na ziada hiyo inavutwa kidogo wakati wa kushona. Ikizidi milimita 2, rudia kuchora.

Jaribio la kanga kuukuu

Kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika ndiyo kitambaa bora cha kujaribia, kwa kuwa ni pamba nyembamba isiyoteleza na haivutiki. Kata vipande, vipige bandi kwa mkono (mshono mpana wa muda), mvishe mdoli na ubane mgongo kwa pini. Usimhurumie. Ukingo wa juu ukiachia, bana mshono wa kifua kwa sehemu ya juu tu. Mikunjo ikilala kiunoni, kiwiliwili ni kirefu, kwa hiyo punguza kiasi chini. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kwa jumla kuzunguka mwili, kwa ajili ya unene wa bitana. Kila badiliko lihamishie kwenye karatasi palepale kabla hujasahau.

Kukata, na shanga kabla ya kushona

Piga kitambaa pasi kwanza. Tafuta uelekeo wa nyuzi kwa kuufuata ukingo wa kiwandani, au kama ni kipande kisicho na ukingo, chomoa uzi mmoja. Mishale ya pateni ifuate mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Kwa mdoli hata nyuzi chache za upotofu zinaonekana, kwani kiwiliwili chote kina urefu wa vidole viwili. Kata tabaka moja moja, siyo mbili kwa pamoja, na chora mstari wa kushonea upande wa nyuma kwa penseli, siyo mstari wa kukatia pekee. Utashona juu ya mstari huo.

Satini hufumuka kingo haraka. Pakaa gundi ya kitambaa iliyo nyembamba ukingoni kwa ncha ya kijiti cha meno, na uijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa kuona kama inaacha doa. Mafundi wetu wengi huchoma ukingo kwa mshumaa. Kwenye utepe wa mtu inafaa, ila hapa inaacha ukingo mgumu wa plastiki unaoonekana kwa nje na kukwaruza mwili wa mdoli.

Kama utapamba kiwiliwili kwa shanga, fanya sasa, kipande kikiwa bado tambarare. Ndivyo zinavyofanya karakana za tarizi za Paris kama Lesage, ambazo hutarizi kitambaa kabla gauni halijaunganishwa. Shanga ziishie milimita 6 kutoka ukingo wa kukatia, zisije zikakutana na sindano ya mshono.

Na hapa ukumbuke hesabu ya sita. Shanga ya milimita 2 kwa mdoli ni sawa na ya milimita 12 kwa mtu. Shanga za kawaida za kufumia mikufu zitamfanya aonekane amevaa kokoto. Nunua zile ndogo kabisa, na uzipange kwa nafasi badala ya kuzijaza. Kwa mkanda wa kiuno nimevutiwa na shanga za wanawake wa Kigogo kwenye ngoma zao, zinavyopangwa kwa mikanda ya rangi chache zilizo safi, nyeupe, nyekundu, buluu, bila kuchanganywa ovyo. Chagua rangi tatu usizidishe, uzishone safu tatu juu ya utepe mwembamba wa urefu wa kiuno na milimita 10 za ziada. Pitisha uzi shanga mbili kwa mara moja, rudi nyuma shanga moja, uendelee. Ukikatika mahali, zilizobaki hazitamwagika.

Kiwiliwili

Kata vipande vya nje kwa satini na vingine vilevile kwa bitana ya pamba nyepesi, ya leso ya mkononi au ya kanga nyeupe iliyochakaa. Pamba haitelezi kwenye plastiki, na gauni lisilo na kamba linahitaji kushika.

Unganisha mishono ya kifua kwanza, ukianzia kilele cha titi kwenda juu, kisha kilele kwenda chini. Ukishona mfululizo kutoka juu, kitambaa kitasogea na kilele hakitakutana. Tumia mshono wa kurudi nyuma wenye hatua ndogo uwezavyo. Ukimaliza, punguza kingo zibaki milimita 2 hadi 3, zitie mipasuo midogo mahali pa mviringo, kisha zifungue kwa pasi. Pasi kubwa haiingii humo. Tumia ncha yake juu ya mpini wa mwiko uliofungwa kitambaa cha pamba, au pitisha ukucha, kisha kijiti kilichopata joto kidogo. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kukatishwa na mwingine. Fundi akikwambia pasi ni nusu ya kushona, kwa mdoli ni zaidi ya nusu. Kisha fanya mishono ya ubavu kwa namna hiyohiyo, na bitana nayo yote.

Weka nje na bitana uso kwa uso, ubane ukingo wa juu, ushone kuanzia chini ya mgongo upande mmoja, upandishe juu, upite ukingo wa juu wote, ushuke mgongo wa pili. Chini paache wazi. Kabla ya kushona, punguza bitana milimita 1 kwenye ukingo wa juu, ili ukigeuza ivutwe ndani na isichungulie nje. Punguza kingo kwa ngazi: ya satini milimita 3, ya bitana milimita 2. Kata pembe za mgongo kwa ulalo. Geuza kwa kibano, sukuma pembe kwa kijiti butu, viringisha ukingo kati ya vidole mpaka mshono ukae upande wa ndani, na upige pasi.

Ndani, kiunoni, shona utepe mwembamba wa milimita 3 uliokatwa kwa kipimo cha kiuno cha mdoli, ukishikwa kwenye kingo za mishono ya bitana peke yake. Utepe huu unafungwa kwanza kabla ya mgongo wa gauni. Magauni makubwa ya Paris yanao kwa sababu ndio unaobeba uzito wa sketi, na kiwiliwili hakishuki. Kwa mdoli una faida nyingine: mgongo wa satini hauvutwi, kwa hiyo hautakunjamana.

Gagulo

Hapa ndipo magauni mengi yanapopotea. Neti ikivutwa marinda kiunoni inaongeza unene mahali pale pale tunapotaka wembamba. Kiuno kiache kabisa. Tengeneza kipande laini cha pamba kinachokaa kutoka kiunoni hadi sentimita 4 chini, kwa kutumia lile ganda la selotepu uliloliendeleza hadi nyonga, na marinda yaanze huko chini.

Kwenye ukingo wa chini wa kipande hicho shona neti ya kwanza, urefu wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 5.5, iliyovutwa mpaka ienee. Kwenye ukingo wake shona neti ya pili ya sentimita 100 kwa kimo cha 7.5. Pamoja na kipande cha juu unapata sentimita 17, pungufu kidogo ya sakafu. Ya kwanza iwe ngumu, ya pili laini. Ukifanya zote ngumu gauni litasimama wima pembeni. Vuta marinda kwa nyuzi mbili sambamba, na uweke neti juu ya ukingo wa pamba ukishona kwa kupandanisha, bila kukunja. Neti haifumuki, haihitaji pindo.

Gagulo liwe kipande chake, lisishonwe kwenye gauni, na ukingo wake wa juu ukae milimita 3 chini ya kiuno. Tabaka zisipandane sehemu moja.

Kipupwe cha Dodoma, Juni hadi Agosti, hewa inakuwa kavu na neti za nailoni hushikana na kung'ang'ania satini. Pitisha kitambaa chenye unyevu juu yake kabla ya kumvisha mdoli, zitaachia.

Sketi ya duara

Hesabu yake ni fupi. Chukua kiuno, sentimita 9, ongeza sentimita 1 ya nafasi za mshono wa nyuma na nusu sentimita ya kupandana: 10.5. Gawa kwa 6.28 upate karibu 1.7. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya mstari wa kushonea. Ondoa nusu sentimita ya nafasi ya mshono, ukate tundu la nusu kipenyo 1.2. Ukiwa mwoga kata 1 kwanza. Tundu likiwa dogo linakatika zaidi, likiwa kubwa hakuna dawa.

Kutoka kiuno hadi sakafu pima juu ya gagulo, siyo juu ya mguu, na mdoli akiwa amevaa viatu vyake. Kwa kawaida ni sentimita 18 hadi 20. Jumlisha na 1.7, ongeza sentimita 1 ya pindo, uchore duara la pili. Kinachokunjwa mara nne ili kuchora robo ya duara ni karatasi tu. Kitambaa chenyewe kikatwe kikiwa kimefunguliwa. Kata mstari mmoja ulionyooka kutoka tundu hadi ukingo, nao ndio mgongo.

Shona mstari huo kuanzia pindo kwenda juu, ukaacha sentimita 6 za mwisho wazi. Nyonga ni pana kuliko kiuno, na gauni linavaliwa kutoka miguuni. Tia mipasuo ya milimita 3 kuzunguka tundu la kiuno, uliunganishe na satini ya kiwiliwili, bitana ikiwa imewekwa kando. Punguza kingo, zielekeze juu, kisha teremsha bitana juu yake na uishone kwa mkono kwa mshono wa kuficha, bila kukunja ukingo wake zaidi ya mara moja. Funika mshono wa kiuno kwa mkanda wa shanga.

Kufunga nyuma

Zipu ya kawaida haifai, ni nene na inavimba. Magauni ya kwanza ya Barbie, yaliyobuniwa na Charlotte Johnson na kushonwa Japani, yalikuwa na zipu ndogo mno, lakini za aina hiyo ni adimu. Velkro inakwaruza satini na kunasa nywele. Vifungo vya kubana vya milimita 6 ni sawa na vya sentimita 3.6 kwa mtu, navyo vinaonekana kwa nje. Kilicho bora ni shanga za milimita 2 upande mmoja na vitanzi vya uzi upande wa pili, kila baada ya milimita 7. Kitanzi kishonwe kwa nyuzi tatu na kuzungushiwa uzi, kiwe kinapita shanga kwa kubana. Kama gauni ni la mtoto wa kuchezea, tumia kulabu ndogo mbili badala yake, maana vidole vyake havitaweza vitanzi.

Pindo

Mvishe mdoli gagulo na gauni, umsimamishe, umwache hadi kesho yake. Duara lina sehemu za mshazari, nazo hushuka kidogo. Kisha sawazisha ukingo kwa rula kutoka mezani.

Piga mstari wa mshono milimita 4 kutoka ukingoni, kunja juu ya mstari huo, piga pasi, punguza ziada ibaki milimita 1.5, kunja tena na ushone kwa mkono ukichukua uzi mmoja tu wa satini kila hatua. Ukitaka ukingo wenye mawimbi, ingiza ndani ya kunjo mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, wa milimita 0.2 au 0.3. Miisho yake iyeyushe kidogo kwa moto kabla ya kuificha, isichome kitambaa.

Kuiweka mikunjo

Hatua hii ndiyo inayotofautisha gauni la mdoli na gauni la jioni lililopunguzwa. Kwa kuwa sketi haina uzito wa kushuka, tunaifundisha. Jaribu kwanza kipande kuona kama maji yanaacha alama. Yasipoacha, nyunyizia sketi maji mpaka iwe na unyevu, ipange mikunjo kwa vidole kutoka kiunoni kwenda chini, kisha izungushie utepe laini, usikaze. Iache ikauke kwenye kivuli. Kwa hewa ya Dodoma haichukui muda. Ukifungua, mikunjo inabaki mahali pake. Satini inayodoa maji ipe mvuke wa birika kwa mbali badala yake.

Ukitaka baadaye kushona gauni jembamba kwa namna ya Vionnet, kata kitambaa kwa mshazari, yaani nyuzi za kitambaa zikiwa na digrii 45 kutoka wima, uondoe gagulo na bitana ya sketi kabisa. Mshazari unaufuata mwili wenyewe. Usivute unaposhona, na uache kitambaa kimening'inia usiku mzima kabla ya kukata urefu.

Rangi isichuje

Nyekundu, nyeusi, buluu iliyokolea na hii ya zabibu zinaweza kuingia kwenye plastiki ya mdoli, na doa hilo halitoki kirahisi. Kabla ya kukata, loanisha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukigandamize kwa pasi yenye joto la wastani. Cheupe kikichukua rangi, osha kitambaa mpaka maji yatoke safi na ujaribu tena. Bitana nyeupe ni kinga ya pili. Hata hivyo, mdoli usikae miezi mingi ndani ya gauni la rangi kali kwenye joto.

Vumbi letu halina huruma na satini. Gauni lifungwe kwenye kitambaa cheupe cha pamba, sketi ikijazwa karatasi nyeupe laini isikunjamane, na likae kwenye boksi la karatasi mbali na dirisha. Ukilitoa, lipanguse kwa brashi laini ya vipodozi kutoka kiunoni kwenda chini, halafu mvishe kwa mpangilio huu: gagulo, gauni kutoka miguuni, utepe wa ndani, na vitanzi kuanzia chini kwenda juu.